Sababu Kwanza, Umbo Baadaye: Shajara ya Safari kwenye Reli Nyembamba za Wales

Jumamosi, Welshpool

Treni ya reli kuu kutoka Birmingham ilinishusha Welshpool muda mfupi kabla ya adhuhuri, nami nikalazimika kuupita mji kwa miguu kuelekea magharibi, kwa kuwa stesheni ya reli nyembamba ya Welshpool na Llanfair haiko tena kando ya reli kuu. Zamani treni zake zilipenya katikati ya mji, zikipita nyuma ya nyumba na kukatiza barabara, hadi kipande hicho kilipofungwa mwaka 1963, mwaka uleule ambao wapenzi wa reli walianza tena kubeba abiria kwenye sehemu nyingine ya njia. Sasa safari huanzia Raven Square, ukingoni mwa mji, na mgeni anayetaka kuiona njia kama ilivyozinduliwa mwaka 1903 hukosa kipande cha mwanzo, ambacho pengine ndicho kilichokuwa cha pekee kuliko vyote.

Nimekuja Wales kwa ajili ya swali moja. Chombo cha kale kilichowekwa kwenye jumba la makumbusho kinaweza kuachwa kilivyo, kikafutwa vumbi na kukingwa na kutu. Lakini injini inayobeba abiria huliwa na kazi yake yenyewe, na njia inayopitisha treni msimu hadi msimu haiwezi kubaki na mataruma, yaani mbao zinazolazwa chini ya reli, yaleyale ya karne ya 19. Kila anayeendesha reli ya urithi analazimika kuamua ni kipi kibadilishwe, kibadilishwe kwa kitu gani, na mwaka upi wa historia ufuatwe. Msimamo wangu ni kwamba kinachostahili kulindwa kwanza ni ile sababu iliyokifanya kitu kiwe kilivyo; umbo na rangi vinafuata baadaye. Nataka kuupima msimamo huo mahali ambapo kazi yenyewe inafanyika.

Upana wa reli hapa ni milimita 762. Huduma ya abiria iliondolewa mwaka 1931, na mabehewa matatu ya abiria, ambayo ndiyo pekee njia iliyokuwa nayo, hayakuhifadhiwa. Mizigo iliendelea hadi mwaka 1956. Kwa hiyo walioifufua njia walikuta injini zake mbili za awali, The Earl na The Countess, lakini hawakukuta hata behewa moja la kumpakia msafiri. Walifanya lililowezekana: walitafuta mabehewa popote palipokuwa na reli ya upana unaokaribiana na wao. Mengine yalitoka bonde la Ziller nchini Austria, yakiwa na vibaraza vilivyo wazi kwenye ncha zake. Mengine, pamoja na injini namba 85 iliyoundwa mwaka 1954, yalitoka Sierra Leone katika miaka ya 1970, serikali ya huko ilipokuwa ikiifunga reli yake. Kati ya miaka ya 2004 na 2010 hatimaye ziliundwa nakala za yale mabehewa matatu yaliyopotea.

Nilikwenda Llanfair nikiwa nimesimama kwenye kibaraza cha behewa la Austria na kurudi nikiwa ndani ya nakala. Kwenye mteremko wa Golfa, ambako njia huinuka mita moja kwa kila mita 29, injini ilifanya kazi kwa sauti ambayo haikuhitaji ukarabati wowote ili iwe ya kweli. Nilitarajia kwamba nakala ndiyo ingenikaribisha zaidi kwenye historia, na kwa upande mmoja ilifanya hivyo: mtu akikaa ndani yake anaelewa nafasi ambayo mkulima wa mwaka 1903 alipewa, na jinsi dirisha lilivyolikata bonde mbele ya macho yake. Hata hivyo, mbao zake ni changa. Behewa la Austria ni la kale kwelikweli, na limeshaitumikia njia hii kwa miaka mingi kuliko yale mabehewa ya awali, ambayo yalibeba abiria kwa muda usiofika miaka 30. Anayesema kwamba ni la kigeni hapa atalazimika kutuambia historia ya mahali inafungwa siku gani.

Injini nazo zinalitia swali hilo uzito. Kampuni ya Great Western, iliyoirithi njia hii katika miaka ya 1920, ilizikarabati karibu na mwaka 1930 kwa kuziwekea boila na vifaa vya mtindo wake. Ukizirudisha katika sura ya mwaka 1903 unafuta kazi ya kampuni iliyozitumia kwa muda mrefu, na ukiziacha zilivyo unamnyima mtazamaji sura ya kuzaliwa kwake. Hakuna chaguo lisilopoteza kitu.

Jumapili, Tywyn

Nimefika pwani, kwenye reli ya Talyllyn, ambayo ni ya kwanza duniani kuokolewa na kuendeshwa na watu wa kujitolea. Ilijengwa katika miaka ya 1860 ili kuteremsha sleti, yaani yale mawe ya vibamba ya kuezekea nyumba, kutoka machimbo ya Bryn Eglwys. Mmiliki wake wa mwisho, Sir Henry Haydn Jones, alifariki mwaka 1950, na mwaka 1951 kundi lililoongozwa na mwandishi L. T. C. Rolt likaanza kuendesha treni juu ya reli zilizofunikwa na majani na mataruma yaliyooza. Upana wa reli ni milimita 686, kipimo ambacho reli chache sana zimewahi kukitumia, na jambo hilo litarudi kesho nitakapokuwa karakana.

Bahati ya Talyllyn ni kwamba umaskini uliihifadhi. Kwa kuwa kampuni haikuwa na fedha za kununua vitu vipya, injini zake mbili za kwanza, Talyllyn na Dolgoch, bado zipo, na vilevile mabehewa yake manne ya awali na behewa la gadi. Leo nilipata nafasi katika mojawapo ya hayo mabehewa. Ni dogo, lina magurudumu manne tu, na kila kiungo cha reli kinapigwa chini ya miguu ya abiria.

Jambo lililonishika kuliko yote ni milango. Mwaka 1866 mkaguzi wa serikali, Kapteni Tyler, alipokuja kuikagua njia kabla ya kuruhusiwa kubeba abiria, aligundua kwamba nafasi kati ya mabehewa na kuta za madaraja yanayopita juu ya reli ni finyu mno, kiasi kwamba abiria asingeweza kutoka salama kama treni ingesimama chini ya daraja. Kuyabomoa madaraja kungeimaliza kampuni. Ufumbuzi uliokubaliwa ulikuwa kuifunga daima milango ya upande mmoja, kisha kuisogeza reli isiwe katikati ya daraja, ili upande wenye milango upate nafasi ya kutosha. Majukwaa yote yakawekwa upande huo. Hadi leo abiria wa Talyllyn huingilia na kutokea upande mmoja, na ukichungulia dirishani chini ya daraja utaona kwamba ukuta mmoja uko karibu kuliko mwingine.

Hapa uhalisi na usalama vimefungwa pamoja tangu mwanzo. Mabehewa yaliyoundwa baada ya mwaka 1951 ni makubwa zaidi na yanastarehesha zaidi, lakini yote yameitii sheria hiyo ya upande mmoja, kwa sababu madaraja yangalipo. Mtu anaweza kuyatazama mabehewa hayo na kusema kwamba hayafanani na yale ya mwaka 1866, na atakuwa amesema kweli. Lakini yamebanwa na jambo lilelile lililoyabana yale ya zamani, na kwangu huo ni uaminifu mkubwa kuliko kufanana kwa rangi. Kama siku moja madaraja hayo yatapanuliwa ili kurahisisha kazi, Talyllyn itapoteza kitu ambacho hakuna fundi seremala atakayeweza kukirudisha.

Njia ilirefushwa kutoka Abergynolwyn hadi Nant Gwernol mwaka 1976, juu ya kipande ambacho awali kilikuwa cha sleti pekee. Abiria wa karne ya 19 hawakuwahi kufika hapo kwa treni. Naliona tendo hilo kuwa la haki, kwa sababu linamfikisha mgeni chini ya mteremko ambao sleti ilishukia, na bila kuuona mteremko huo mtu hawezi kuelewa kwa nini reli iliwekwa hapa.

Jumatatu, karakana ya Pendre

Kwa ruhusa ya wenyeji nilikaa Pendre, karakana ya reli ya Talyllyn, sehemu kubwa ya siku. Karakana ni mahali ambapo hoja za uhalisi zinakutana na nyundo, na mafundi wake, wengi wao wakiwa watu wa kujitolea, hawana nafasi ya kubishana juu ya nadharia wakati boila inasubiri kukaguliwa.

Boila ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Chombo kinachoshikilia mvuke kwa shinikizo kubwa kinaweza kuua, kwa hiyo hukaguliwa na kujaribiwa kwa utaratibu usiojali umri wala heshima yake, na bamba likishakonda ni lazima libadilishwe. Injini Talyllyn ilipelekwa kwa watengenezaji wa nje katika miaka ya 1950 na kurudi ikiwa na boila mpya. Dolgoch nayo ilipitia ukarabati wa namna hiyo uliokamilika katika miaka ya 1960. Swali la wageni, kama injini hizo bado ni zilezile, linaulizwa hapa kila mara. Naona jibu lake liko kwenye kumbukumbu zilizoandikwa: ikiwa inajulikana ni kipande kipi kilitolewa, lini na kwa sababu gani, injini ina wasifu kamili, ikiwa haijulikani, hata chuma cha asili hakituambii mengi.

Nyuma kidogo kulikuwa na hadithi ya injini namba 3 na namba 4, Sir Haydn na Edward Thomas. Zilikuwa za reli jirani ya Corris, iliyokuwa na upana uleule usio wa kawaida, na mwaka 1951 zilinunuliwa kutoka shirika la reli la taifa kwa pauni 25 kila moja. Bila hizo Talyllyn isingeendelea, kwa sababu katika msimu wa kwanza Dolgoch peke yake ndiyo iliyokuwa ikibeba mzigo. Namba 4 ilifanyiwa jaribio mwaka 1958: iliwekewa mfumo wa kutolea mvuke uliobuniwa na mhandisi Giesl wa Austria, ambao ulibadilisha dohani yake ya mviringo ikawa nyembamba na ndefu kwa ubapa. Lengo lilikuwa kupunguza matumizi ya makaa. Akiba iliyotarajiwa haikudumu, na mwaka 1969 kifaa hicho kiliondolewa, dohani ya mviringo ikarudi.

Nililiwaza jaribio hilo kwa muda mrefu. Lilibadilisha sura ya injini vibaya sana, kwa maoni yangu, na bado naliheshimu, kwa sababu lilifanywa kwa namna ambayo liliweza kuondolewa bila kuiachia injini kovu. Mabadiliko ya kukata, kutoboa na kuchoma kwa gesi hayana huruma hiyo. Laiti ningekuwa na sauti katika karakana yoyote ya namna hii, ningeomba kwamba kifaa kipya kifungwe kwa boliti pale ambapo kingeweza kuchomelewa, na kwamba kipande cha zamani kiwekwe rafuni kikiwa na kibandiko chenye tarehe.

Namba 7, Tom Rolt, inakwenda mbali zaidi. Ilizaliwa mwaka 1949 kwa ajili ya shirika la kuchimba mboji ya kuchomwa kama kuni nchini Ireland, kwenye reli ya milimita 914, na mafundi wa Pendre wakaitumia sehemu ya vipande vyake kuunda injini tofauti kabisa, iliyoanza kazi mwaka 1991. Haikuigiza injini yoyote ya Wales. Iliundwa kwa vipimo vya madaraja haya, miinuko hii na urefu wa treni za sasa. Reli ya karne ya 19 ilipohitaji nguvu zaidi, ilifanya hivyohivyo.

Jumanne, Porthmadog na Boston Lodge

Reli ya Ffestiniog ilifunguliwa mwaka 1836 kwa upana wa takriban milimita 597. Awali haikuwa na injini hata moja: mabehewa ya sleti yaliteremka kwa uzito wake yenyewe hadi bandarini huku wafunga breki wakiwa wamepanda juu yake, na farasi, waliosafiri kwa raha katika mabehewa yao maalumu wakati wa kushuka, waliyavuta matupu kurudi mlimani. Mvuke ulikuja mwaka 1863, na mwaka 1869 ikaja Little Wonder, injini yenye ncha mbili iliyobuniwa na Robert Fairlie, ambayo iliwavuta wahandisi wa nchi nyingi kuja kujionea. Reli hii ilipata sifa kwa kubadilika, na ni vizuri kulikumbuka hilo kabla ya kuilaumu kwa kubadilika leo.

Ng'ambo ya tuta refu la Cob iko karakana ya Boston Lodge, ambako injini za Fairlie ziliundwa katika karne ya 19 na zinaundwa hata sasa. Merddin Emrys ni ya mwaka 1879. Mwaka 1979, miaka 100 baadaye, ikatoka Earl of Merioneth, yenye matangi ya pembe kali yaliyokuwa rahisi kuyaunda. Wengi waliichukia kwa sura yake. David Lloyd George ya mwaka 1992 ilirudi kwenye mviringo wa Kivictoria, na James Spooner, iliyoanza kazi mwaka 2023, imechukua nafasi ya Earl of Merioneth na kufuata mtindo wa injini ya karne ya 19 yenye jina hilohilo. Sikubaliani kikamilifu na furaha ya jumla juu ya kuondoka kwa zile pembe. Earl of Merioneth ilisema wazi kwamba iliundwa katika miaka ya 1970 na watu waliokuwa na fedha chache na haja kubwa ya injini. Ulikuwa ushuhuda wa wakati wake, sawa na dohani ya Merddin Emrys ilivyo ushuhuda wa wakati mwingine.

Suala la moto nalo lilinipa somo. Katika miaka ya 1970 injini za hapa zilibadilishwa zikawa zinachoma mafuta, kwa sababu cheche za makaa zilikuwa zikiwasha misitu iliyopandwa kando ya njia. Bei ya mafuta ilipopanda, zilirejeshwa kwenye makaa katika miaka ya 2000. Sasa makaa yenyewe yamekuwa tatizo: machimbo ya Ffos-y-Fran huko kusini mwa Wales, yaliyokuwa yakizilisha reli nyingi za urithi, yalifungwa mwaka 2023, na reli hizo zimelazimika kuagiza makaa kutoka nje au kujaribu vitonge vilivyotengenezwa kwa vumbi la makaa na vishikizo vingine. Mchochea moto aliyezoea makaa ya Wales hulazimika kujifunza upya namna ya kulisha tanuru, kwa kuwa vitonge huwaka kwa tabia nyingine. Ujuzi wa mikono yake nao ni urithi, na hakuna mfuko wa fedha unaoweza kuununua tena ukishapotea.

Jumatano, Dduallt hadi Blaenau Ffestiniog

Hii ndiyo siku niliyoingoja. Ffestiniog ilifungwa mwaka 1946, na kuanzia mwaka 1955 ilifufuliwa hatua kwa hatua kutoka upande wa bahari. Lakini huko juu serikali ilikuwa imeamua kujenga mtambo wa umeme wa maji, na ziwa lake likaizamisha njia ya zamani pamoja na lango la kaskazini la handaki la Moelwyn. Waliotaka kufika Blaenau, mji wa sleti ulioko mwisho wa njia, walikuwa na chaguzi mbili: kuacha, au kujenga njia ambayo haikuwahi kuwapo.

Walijenga. Kuanzia mwaka 1965 watu wa kujitolea walichimba mwamba kwa mikono na baruti, wakaizungusha njia pale Dduallt ili ipite juu ya yenyewe na kupata takriban mita 10 za ziada, kisha handaki jipya likachimbwa na wachimbaji waliozoea migodi ya bati ya Cornwall. Treni zilifika Blaenau mwaka 1982, miaka 150 baada ya bunge kuipitisha sheria iliyoiruhusu reli hii.

Treni ilipokuwa ikizunguka niliiona reli tuliyotoka ikiwa chini yetu. Kwa kipimo cha uhalisi mkali, kila mita ya hapo ni ya uongo: hakuna sleti iliyowahi kupita, hakuna farasi aliyewahi kukanyaga. Isitoshe, njia ya zamani ilikuwa imepangwa iteremke mfululizo ili mabehewa yajishukie yenyewe, na mpango huo sasa umekatwa. Maonyesho ya treni za kushuka kwa uzito hufanywa katika sehemu za chini tu, kwenye siku maalumu. Hapo msimamo wangu ulibanwa kweli, kwa maana kilichopotea ni ile sababu yenyewe niliyosema ilindwe kwanza. Nimeridhika hata hivyo, kwa kuwa bila mzunguko huo njia ingeishia porini, mbali na mji ambao sleti yake ndiyo iliyoizaa. Walitoa sehemu ya sababu ili kuokoa iliyobaki. Unesco ilipoiandikisha Mandhari ya Sleti ya Kaskazini-Magharibi mwa Wales kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021, reli hii ilikuwamo.

Alhamisi, Caernarfon

Reli ya Welsh Highland ni jambo jingine kabisa. Ile ya awali, iliyokamilika mwaka 1923, ilishindwa kibiashara, ikaacha kubeba abiria mwaka 1936, na reli zake zikang'olewa wakati wa vita. Iliyopo leo ilijengwa upya kati ya mwaka 1997 na 2011, ina urefu wa kilometa 40, na injini zake kuu ni zile kubwa za aina ya Garratt, zenye boila moja iliyobebwa kati ya seti mbili za magurudumu, zilizotumika Afrika Kusini. Hakuna Garratt iliyowahi kupita hapa zamani. Njia ilijengwa upya kwa vipimo vinavyoziruhusu, na kipande cha kwanza kutoka Caernarfon hadi Dinas kimelazwa juu ya tuta lililokuwa la reli pana.

Zinafanya kazi yake vizuri ajabu. Kwenye miinuko ya mita moja kwa kila mita 40, zikiwa na msururu mrefu wa mabehewa, hazihitaji msaada, na bila mapato ya misururu hiyo hakuna ambaye angekuwa akipita kwenye korongo la Aberglaslyn kwa treni leo. Lakini mgeni anayeshuka Caernarfon ataondoka akidhani kwamba njia ya mwaka 1923 ilikuwa na nguvu na fahari, ilhali ilikuwa dhaifu, ya polepole na karibu tupu. Udhaifu huo ndio historia yake. Injini Russell ya mwaka 1906 ilikatwa dohani na paa mwaka 1924 ili ipite kwenye handaki la Moelwyn, na hata baada ya kukatwa haikupita. Hakuna kinachoieleza kampuni ile vizuri kuliko hilo.

Kwa hiyo ningewaacha Garratt wafanye kazi ya kila siku, tena kwa heshima, hasa kwa kuwa K1, injini ya kwanza kabisa ya aina hiyo, iliyoundwa Manchester mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania, imetunzwa na kampuni hii na imekwisha kupanda milima hii. Kando ya hizo ningeomba siku kadhaa katika kila msimu ambapo treni fupi, yenye injini ndogo na mabehewa mawili ya kale, inapita kwa mwendo na ratiba ya mwaka 1923, ikisimama kila mahali ilipokuwa ikisimama, na tikiti zake ziuzwe kwa idadi ndogo inayolingana na viti vilivyopo. Haitaleta faida. Gharama yake iingizwe kwenye hesabu pamoja na ukaguzi wa boila na ubadilishaji wa mataruma, na abiria wa treni kubwa waelezwe kwamba sehemu ya nauli yao inalipia hiyo ndogo.